Kitana, Kibanio na Nywele Bandia: Istilahi za Uainishaji wa Bidhaa katika Forodha

Miongoni mwa shehena zinazofika Mwanza kutoka bandari ya Dar es Salaam, nyingi zikiwa zimeanzia China, vimo vitu vidogo vidogo vya nywele: vitana, vibanio, pini, rola, bendi, brashi, pamoja na nywele zenyewe za kusukia. Vitu hivi huuzwa kwa wingi Makoroboi na Mlango Mmoja, na kutoka hapo huvuka maji kwenda Ukerewe na Sengerema, au hufuata barabara hadi Musoma, Geita na Bukoba. Thamani ya kimoja kimoja ni ndogo mno. Hata hivyo, katoni moja ya vitu hivi yaweza kugusa mafungu saba au manane ya kitabu cha ushuru wa forodha, na kila fungu lina maneno yake. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno hayo na kuonyesha mahali ambapo Kiswahili kinajitosheleza, na mahali ambapo neno tulilolizoea linaweza kumtia mwananchi hasarani.

Kwanza yafaa kueleza mfumo wenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza ushuru kwa kufuata Mfumo Linganifu wa Maelezo na Namba za Bidhaa, uliotokana na mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Brussels tarehe 14 Juni, 1983, na kuanza kutumika tarehe 1 Januari, 1988. Mfumo huu una sehemu 21 na sura 97, ingawa sura ya 77 imeachwa wazi kwa matumizi ya baadaye. Kila bidhaa duniani hupewa namba ya tarakimu sita. Jumuiya yetu huongeza mbili, zikawa nane. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini tarehe 2 Machi, 2004, ikaanza kutekelezwa tarehe 1 Januari, 2005, kwa viwango vitatu: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwezi Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, kwa bidhaa zilizochaguliwa. (Neno letu ushuru, kwa asili yake ya Kiarabu, lahusiana na fungu la kumi, basi katika viwango vyote hivi ni kimoja tu ambacho bado kinasema kweli.)

Maandishi rasmi ya Mfumo Linganifu ni ya Kiingereza na Kifaransa. Kitabu cha ushuru cha Jumuiya kimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa upande mwingine, Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na walimu, makarani na mawakala wa forodha hulazimika kila siku kuwafafanulia watu kwa Kiswahili yaliyoandikwa kwa lugha nyingine. Tafsiri hizo hufanyika dirishani, kwa haraka, kila mtu na neno lake.

Hili lisingekuwa na uzito sana kama si kanuni ya kwanza ya kufasiri Mfumo huo. Kanuni hiyo yasema kwamba vichwa vya habari vya sehemu na sura ni kwa ajili ya kurahisisha utafutaji tu. Kinachoamua ni maneno ya fungu pamoja na maelezo yaliyotangulia sehemu au sura. Kwa maneno mengine, neno lililo ndani ya fungu ni sheria. Mtafsiri akilipanua, amepanua kodi, akilibana, ameifinya.

Tuanze na neno fungu lenyewe. Baadhi ya watumishi husema kichwa, kwa kulifuata neno la Kiingereza. Mtu anayezungumzia mapambo ya nywele asingependa kusikia kwamba kibanio kimo katika kichwa, na kwamba kichwa hicho kina vichwa vidogo. Wengine husema kifungu, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na wanasheria kwa mgawanyo wa sheria za Bunge. Hivyo tunapendekeza fungu kwa tarakimu nne za mwanzo, na fungu dogo kwa sita. Sehemu na sura zibaki kama zilivyo.

Fungu linalohusu vitu vingi vya katoni yetu ni 96.15. Kwa Kiingereza linaanza na neno moja tu la kifaa cha kuchania. Kiswahili kina maneno mawili, na yote mawili ni ya zamani na yana kazi: chanuo, lenye meno marefu yaliyoachana, na kitana, kidogo na chenye meno yaliyokaribiana. Mtafsiri asiyejali atachukua moja na kuacha jingine. Akiandika vitana peke yake, mwenye shehena ya machanuo makubwa ya mbao anaweza kudai kwamba bidhaa yake haikutajwa, na madai hayo yatakuwa na mashiko. Twashauri yaandikwe yote mawili, vitana na machanuo, wala pasiwe na aibu ya kutumia maneno mawili mahali ambapo wenzetu wana moja. Mafungu madogo hutenganisha yale ya plastiki au mpira mgumu, ambayo ni 9615.11, na yale ya vitu vingine kama mbao au pembe, ambayo ni 9615.19. Brashi ya nywele haimo humu kabisa. Hiyo iko 96.03 pamoja na mafagio na brashi za kila namna, ingawa msusi huiweka sanduku moja na kitana.

Kwa kile kinachobana nywele, Kiswahili cha watu wa kawaida kimetupa kibanio, neno zuri linaloeleweka kuanzia pwani hadi ziwani. Ila halitoshi likisimama peke yake. Kibanio cha nguo, kile cha kuanikia, kikiwa cha plastiki huingia 39.24, na kikiwa cha mbao 44.21. Pini nayo ni hivyo hivyo: pini za chuma zisizotajwa mahali pengine huingia 73.19 pamoja na sindano za kushonea. Kwa hiyo katika hati ni lazima iandikwe kibanio cha nywele, pini ya nywele, kila mara, hata kama mwandishi anachoka kurudia. Na atakayeandika kipini kwa maana ya pini ndogo akumbuke kwamba kipini ni pambo la puani, tena ni mpini wa kisu.

Linalowashangaza watu wengi ni habari ya mapambo. Kibanio cha nywele kilichojazwa vioo vinavyometameta hufanana kabisa na herini za aina hiyo hiyo, tena pengine vimeuzwa pamoja kwenye karatasi moja. Herini huingia 71.17, fungu la mapambo ya kuiga vito. Kibanio hakiingii humo, kwa sababu maelezo ya sura ya 71 yanavitoa waziwazi vitana, vibanio na pini za nywele vya fungu 96.15. Lakini kibanio kikiwa cha dhahabu tupu hurudi sura ya 71. Kikiwa na dhahabu kidogo tu kama nakshi, hubaki 96.15. Anayefundisha uainishaji atapata hapa mfano ulio bora kuliko mingi ya vitabuni: umbo halikuamua, wala matumizi hayakuamua, kilichoamua ni maelezo ya sura.

Neno lenye matatizo zaidi ni bendi. Msichana wa shule mjini Mwanza akisema bendi anaweza kumaanisha upinde mgumu wa plastiki unaokaa juu ya kichwa, au mkanda laini wa kitambaa. Ule wa plastiki ni wa 96.15. Wa kitambaa ni kipande cha nyongeza cha vazi, na huingia 61.17 au 62.17 kufuatana na namna kitambaa kilivyotengenezwa. Kisha yuko bendi wa tatu, na huyu ndiye anayewapoteza watafsiri. Fungu 65.07 hutaja kwa Kiingereza kitu ambacho, kikitafsiriwa neno kwa neno, huwa bendi ya kichwa. Asomaye haraka ataona amepata mahali pa kuziweka bendi zake zote. Kumbe fungu hilo lahusu viungo vya kofia, na kinachotajwa ni ule utepe unaoshonwa kwa ndani kuzuia jasho. Tafsiri iwe utepe wa ndani wa kofia, na neno kichwa lisionekane hapo. Neti ya kufunikia nywele nayo imo katika sura hiyo ya 65, fungu 65.05, hata ikiwa imetengenezwa kwa nini.

Tumesema kwamba bendi ya kitambaa hutegemea namna kitambaa kilivyotengenezwa. Hapa tumefikia pengo la kweli la lugha, nasi hatuna budi kukaa nalo kidogo. Sura ya 61 ni ya mavazi ya kitambaa cha vitanzi, kile kinachonyumbuka kama fulana. Sura ya 62 ni ya mavazi ya kitambaa cha nyuzi zilizopishana, kama khanga. Kiswahili cha kawaida husema kufuma kwa vyote viwili: mama hufuma sweta, na mtambo hufuma khanga. Zaidi ya hayo, kusuka ni kwa mkeka, kwa nywele, na kwa wengine hata kwa kitambaa. Katika mji kama Mwanza, uliokuzwa na biashara ya pamba na uliokuwa na kiwanda chake cha nguo cha Mwatex, mtu angetarajia kukuta maneno mawili yaliyotengana. Lakini kiwanda hicho kilikuwa cha vitambaa vya nyuzi zilizopishana, na kitenzi kimoja kiliwatosha wafanyakazi wake. Baadhi ya watafsiri wameandika kufuma kwa sindano kwa maana ya sura ya 61. Usemi huo wapotosha, maana fulana zote za dukani zimefumwa kwa mashine, na mwenye mali atasema hakuna aliyeshika sindano. Sisi tunapendekeza kufuma kwa vitanzi, na kufuma kwa nyuzi zilizopishana. Ni maneno marefu, lakini mtu aweza kukivuta kitambaa mkononi, akaona vitanzi, akajua amesimama wapi.

Vifaa vya umeme tutavipitia kwa haraka. Mashine ya kukausha nywele na pasi ya nywele ni za 85.16, mashine ya umeme ya kunyolea ni ya 85.10, na ile ya kubonyezwa kwa mkono ni ya 82.14. Rola zisizo za umeme ndizo zinazobaki 96.15. Kuna waliopendekeza maneno mapya mahali pa rola na draya. Hatuoni faida yake. Kila saluni kuanzia Kirumba hadi Igoma yasema rola na draya, na istilahi isiyotamkwa na yeyote haimsaidii karani wala mwenye mali.

Sasa tuje kwenye nywele zenyewe, ambako kosa la neno huhesabiwa kwa shilingi. Katika hotuba ya bajeti iliyosomwa Bungeni tarehe 13 Juni, 2019, ilipendekezwa kutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini, na asilimia 25 kwa zile zinazoingizwa kutoka nje. Usemi nywele bandia ukaenea magazetini, masokoni na ofisini. Ushuru huo wa bidhaa ni mbali na ushuru wa forodha, na kitana hakikuguswa nao.

Tufanye hesabu ya mfano, tukichukulia kwamba ushuru wa forodha ni asilimia 25 na kuacha tozo nyingine. Shehena ya vibanio yenye thamani ya shilingi 1,000,000 ikifika bandarini italipiwa ushuru wa forodha shilingi 250,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya 1,250,000, yaani shilingi 225,000. Jumla ni shilingi 475,000. Shehena ya nywele yenye thamani hiyo hiyo italipiwa kwanza 250,000, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 juu ya 1,250,000, yaani 312,500, kisha kodi ya ongezeko la thamani juu ya 1,562,500, yaani 281,250. Jumla ni shilingi 843,750. Tofauti ni shilingi 368,750 kwa kila milioni. Mwenye duka la Makoroboi aliyechanganya vibanio vyenye mikia ya nywele na vibanio vitupu ana sababu ya kutaka kujua neno lipi limeandikwa juu ya katoni yake.

Basi, nywele bandia ni zipi? Katika Kiswahili, bandia ni kitu cha kuiga kisicho cha kweli: noti bandia, cheti bandia, dawa bandia. Sifa hii ina harufu ya udanganyifu. Lakini katika biashara ya nywele zimo nywele za binadamu kabisa, nyingi zikitoka India na China, zilizokatwa, zikasafishwa, zikapangwa na kushonwa. Mfanyabiashara aliyenunua nywele hizo kwa bei kubwa atasema kwa moyo mweupe: hizi si bandia, ni za mtu. Kwa Kiswahili atakuwa amesema kweli. Kwa Mfumo Linganifu hoja yake haimsaidii, kwa kuwa fungu 67.04 linahusu wigi, ndevu, nyusi na kope za kubandika, na mafundo ya nywele ya kuongezea, ziwe za binadamu, za mnyama au za nyuzi. Wigi nzima ya nyuzi za sintetiki ni 6704.11, vitu vingine vya nyuzi hizo ni 6704.19, vya nywele za binadamu ni 6704.20. Maana inayotakiwa ni nywele zisizoota kichwani mwa anayezivaa. Kama ni za kweli au si za kweli, hilo si swali la fungu.

Tatizo haliishii hapo. Bandia pia ni mtoto wa kuchezea. Nywele bandia na nywele za bandia hutenganishwa na silabi moja, nayo karani aweza kuiongeza au kuisahau bila kujua. Na nywele za bandia, yaani wigi ya mwanasesere, zimetolewa katika fungu 67.04 na kupelekwa 95.03 pamoja na vitu vya kuchezea. Silabi hiyo moja imevuka sura ishirini na nane.

Kwa sababu hizo, tunapendekeza kwamba katika maandishi ya forodha usemi nywele bandia uachwe kwa mazungumzo, na mahali pake pawekwe nywele za kuvaa au kuongezea. Chini yake yagawanywe makundi mawili: nywele za binadamu, na nywele za nyuzi. Kupendekeza nywele za kubandika kungevutia kwa kuwa kunakaribia neno lililozoeleka, lakini rasta hazibandikwi, husukwa. Na wigi haibandikwi siku zote, huvaliwa.

Hatua za kazi nazo zahitaji maneno yake, maana zinabadili fungu. Nywele za binadamu zilizokatwa tu, hata kama zimeoshwa, ni za 05.01, na tunaziita nywele ghafi. Zikishapangwa, kupunguzwa au kutolewa rangi, zimeingia 67.03, nazo ni nywele zilizotayarishwa. Zikishashonwa au kufungwa kuwa kitu cha kuvaa, ni 67.04. Maneno haya matatu, ghafi, zilizotayarishwa, za kuvaa, yanatosha, na kila moja linaonyesha mkono wa mfanyakazi umefika wapi.

Ni haki kuuliza kama mambo haya ni ya watafsiri au ni ya mawakala. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 203, yahesabu tamko la uongo kuwa kosa. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 229, humpa asiyeridhika na uamuzi wa forodha siku 30 za kuomba uangaliwe upya. Siku 30 si nyingi kwa mtu anayeishi Nansio, ambaye hati yake imejazwa na mwingine kwa lugha asiyoisoma, na ambaye akiuliza bidhaa yake imeitwaje hupewa jibu tofauti kila dirisha. Hawezi kupinga neno asilolijua. Hali ni hiyo hiyo mipakani, Sirari na Mutukula, ambako wafanyabiashara wadogo huvuka na mizigo ya mikononi. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya zinaweza kuvuka bila ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha uasili. Kitana kilichotengenezwa China hakipati uasili kwa kupitia Kisumu tu. Wengi hulielewa neno asili kuwa ni mahali uliponunua. Kwa hiyo hapa tunapendelea nchi kilikotengenezwa kitu katika maelezo ya umma, na uasili ubaki kwa jina la cheti.

Maneno ya fungu 96.15 kwa Kiswahili, kwa mujibu wa mapendekezo haya, yatakuwa: vitana, machanuo, vibanio vya nywele na vitu vya namna hiyo, pini za nywele, pini na vibanio vya kuviringishia nywele, rola na vitu vya namna hiyo, isipokuwa vilivyomo katika fungu 85.16, na sehemu zake. Toleo jipya la Mfumo Linganifu litaanza kutumika tarehe 1 Januari, 2028, na ingefaa maneno haya yawe yamejadiliwa kabla ya hapo.

Neno moja tumeliacha bila kulipendekezea lolote, nalo ni rasta. Wasusi wa Mwanza huliita hivyo furushi la nyuzi za sintetiki linalouzwa tayari kwa kusukia. Baadhi ya mafurushi hayo ni nyuzi zilizonyooshwa na kufungwa tu, ambazo zaweza kuhesabiwa kuwa zimetayarishwa, 67.03, mengine yamekwisha kusokotwa na kufungwa ncha, nayo yanaelekea 67.04. Tungependa kujua kama wasusi wenyewe wana majina mawili kwa vitu hivi viwili. Walimu na watumishi wa mikoa ya Mwanza, Mara, Kagera na Geita wenye kuyasikia majina hayo sokoni wanaombwa wayaandike pamoja na mahali yalikosikika, na kuyatuma kwa Mhariri.